Dolina, Karani wa Malisho

Dolina Macaskill amewapikia watoto wa shule ya kijiji chetu cha Ardskerry chakula cha mchana kwa miaka thelathini na mmoja, na sijawahi kusikia kwamba alimuuliza hata mmoja wao kama ameshiba. Anaongeza tu. Mtoto akifunika sahani kwa mkono, Dolina anausogeza mkono kwa mwiko na kuongeza.

Mimi nina duka linalotazamana na shule. Ndilo duka, ndiyo posta, na ndipo mahali pa kulalamikia mvua, kwa hiyo mambo ya Dolina nayajua kuliko anavyopenda. Yeye husema Farquhar ana masikio ya sungura na ulimi wa pilipili. Aseme. Tumekuwa majirani miaka arobaini, na nikiugua ni yeye anayeniletea uji wa shayiri pamoja na masimango yake.

Kazi yake ya pili ndiyo iliyomzeesha. Ni karani wa malisho ya pamoja. Kaya kumi na moja tuna haki ya kuchunga kondoo mlimani na kwenye uwanda wa pwani, na karani ndiye anayejua nani anaruhusiwa kondoo wangapi, lini tunawashusha kuwanyoa, na nani amezidisha idadi akidhani ukungu umemficha. Wengi huikimbia kazi hiyo mwaka wa pili. Dolina yuko mwaka wa ishirini na mbili, na ameshagombana na kila mmoja wetu, wengine mara mbili.

Mwaka jana, Februari, ilikuja barua kuhusu shule. Watoto walikuwa wanne. Watatu walikuwa wamalize na kwenda shule kubwa ng'ambo ya mlima, abaki Ishbel peke yake, mwenye miaka saba. Barua ilisema kwamba wasipoandikishwa watoto watatu kwa jumla kufikia katikati ya Julai, shule "itasimamishwa kwa muda". Maneno hayo tunayafahamu. Shule ya Kilvarra, kijiji jirani, ilisimamishwa kwa muda wakati mimi bado nina nywele nyeusi, na leo ni nyumba ya kupangisha watalii yenye beseni la maji moto uani.

Dolina aliisoma barua pale kwenye kaunta yangu, akaikunja mara nne, akaniambia, "Nipimie sukari kilo mbili." Nikapima. Akaondoka akaiacha sukari mezani. Nilijua hapo kwamba mwanamke huyu ameogopa.

Mwezi uliofuata ofisi ya mipango ilimleta Bwana Prentice, kijana mstaarabu mwenye viatu visivyofaa kwa matope yetu. Alibandika ramani ukutani pale ukumbini na kutuonyesha Ardskerry ya miaka ishirini ijayo: gati la kuelea la mashua za wageni, kiwanda kidogo cha kukaushia mwani, intaneti isiyokatika upepo ukivuma. Na kwenye uwanda wa pwani, penye nyasi zetu nzuri kuliko zote, nyumba sita za familia zenye kazi. Ardhi ni yetu wanakijiji, tuliinunua miaka kumi na mmoja iliyopita kutoka kwa bwana aliyekuwa akija wiki mbili kwa mwaka kuwinda kulungu. Lakini haki ya malisho ni ya kaya kumi na moja, na bila sisi kuuachia ule uwanda, hakuna tofali litakalowekwa.

"Kuna anayepinga?" akauliza Bwana Prentice.

Kimya.

"Kwa hiyo nyumba sita, sawa?"

Mtu akakohoa. Wengine tukatazama viatu vyetu. Bwana Prentice akaandika kwenye daftari lake, akala skonzi nne za Dolina, na alipokuwa anaaga akasema hajawahi kuona kijiji chenye umoja namna hii.

Maskini kijana wa watu. Sisi hatumwambii mtu hapana hadharani. Kwetu ni kama kumvua nguo mbele ya watoto wake. Tukinyamaza wote na kutazama chini, jibu umeshapewa, na waliosema kimya kingi kina mshindo mkuu ni kama walikuwa wamekaa ukumbini kwetu. Bwana Prentice asingeweza kujua hilo. Dolina alilijua kama anavyolijua jina lake, na bado usiku ule aliandika kwenye kumbukumbu za kikao: hakuna aliyepinga. Nimemlaumu sana kwa mstari huo, na yeye amejilaumu zaidi. Alitaka ndiyo, basi akaisikia mahali ambapo haikuwepo.

Aprili wakaja wapima ardhi, wakapigilia vigingi uwandani, vyekundu kichwani, mistari imenyooka vizuri. Ilikuwa Jumatatu. Jumanne asubuhi Dolina alifungua mlango wake akavikuta vigingi vyote vimepangwa langoni pake, vimeoshwa matope na kufungwa kwa kamba kama kuni za kuuza.

Alikuja dukani navyo kwapani.

"Nani aliyeving'oa?"

"Nitajuaje mimi?"

"Farquhar, hii kamba ni ya vifurushi vya posta."

"Kamba inauzwa. Mtu yeyote anaweza kununua."

"Na fundo hili la kijinga, nalo unaliuza?"

Nikaona hakuna pa kukimbilia. Nilimwambia kweli: kila kaya iling'oa vyake. Mimi niling'oa vitatu na mgongo uliniuma siku mbili.

"Kwani wewe hutaki nyumba?" akaniuliza. "Unataka shule ife, uje kuwauzia nani peremende?"

"Sijasema sitaki."

"Sasa?"

"Hujaniuliza, Dolina. Umemleta mtu wa kuniuliza mbele ya watu, nimesimama karibu na mlango wa choo."

"Haya, nakuuliza sasa."

"Hapa? Bila hata chai?"

Alinitazama nikadhani atanipiga na vile vigingi. Kisha akaviweka chini na kukaa kwenye gunia la viazi, akaanza kucheka, na kicheko kile hakikuwa na raha yoyote. Alisema, "Nilijua kile kilikuwa kimya gani. Nilijua, mzee, nikajidanganya." Nilimhurumia, lakini sikumwambia.

Kwetu jambo zito huulizwa jikoni. Unaingia bila kubisha hodi, unakaa. Kikombe cha kwanza ni cha mvua na upepo. Cha pili ni cha kondoo na cha marehemu, maana hakuna nyumba isiyo na marehemu wa kuzungumzwa. Mwenye nyumba akikumiminia cha tatu, amekuruhusu useme kilichokuleta. Nyumba moja hula alasiri nzima, na msimu ule kondoo walikuwa wanazaa, kila mtu hana usingizi na ana damu kwenye mikono ya koti. Maji ameshayavulia nguo, ilimbidi ayaoge.

Alianza na mimi. Nilimpa vikombe vitatu na shida kidogo, kama haki yangu ilivyo. Nilikubali kwa sharti kwamba njia ya nyuma ya duka isizibwe. Akaandika sharti langu. Kwa akina Gillanders alikuta kondoo amekwama kuzaa, akavua koti na kumtoa mwanakondoo kwa mikono yake kabla hata ya kikombe cha kwanza, na wale wakakubali upesi kwa aibu. Bi Peigi, mjane wa mlinzi wa taa ya bahari, alimweka hadi jioni akimweleza magonjwa ya mumewe moja baada ya jingine, halafu akasema, "Mwanangu, mimi nilishakubali tangu Machi. Nilitaka tu mtu wa kukaa naye." Kila nyumba ilikuwa na sharti lake, na masharti mengine yalikuwa upuuzi mtupu, naye aliyaandika yote kwa mwandiko uleule.

Katikati ya Mei alikuwa na sahihi kumi. Sheria iliridhika na sita, lakini Dolina alishaonja sheria kwa vile vigingi na hakutaka tena. Ilibaki kaya ya Torquil.

Torquil ni binamu yake, mgane, miaka sabini na mitano, mtu wa maneno machache na mkasi wa sufu usiokosea. Zamani walikuwa chanda na pete. Kwa miaka mitatu hivi alikuwa amepoa, akimjibu Dolina mambo ya kondoo tu, na Dolina alidhani ni uzee. Yaliyotokea jikoni kwa Torquil alinisimulia mwenyewe kesho yake, nami nayaandika alivyoyasema.

Torquil alimimina kikombe cha kwanza, akamimina cha pili, kisha akaiweka birika sakafuni karibu na mguu wake.

"Cha tatu sijamimina," akasema.

"Nimeona. Nitauliza hivyohivyo, binamu. Nyumba sita. Watakaa watu wa mwaka mzima, itaandikwa kwenye hati."

"Zitakwisha lini?"

"Mwaka kesho kutwa, Mungu akipenda."

"Na shule inafungwa lini?"

"Julai."

"Julai ya mwaka huu."

"Ndiyo."

"Basi niambie. Mtu mwenye watoto, mwaka kesho kutwa, atahamia kijiji kisicho na shule aje kufanya nini? Kuhesabu sili ufukweni?"

Dolina alikitazama kikombe chake kitupu. Jambo hilo lilimla tangu Februari na hakuwa amelitamka hata kwangu.

"Nyumba ipo leo," Torquil akaendelea. "Vyumba vitatu, paa zima, jiko zima, bustani ya viazi nyuma. Ina kisanduku cha namba mlangoni cha kuwekea funguo."

Ilikuwa nyumba ya marehemu mama yake Dolina. Wageni huipanga kwa wiki, kuanzia Pasaka hadi Oktoba, wanabonyeza namba, wanachukua ufunguo, wanapiga picha machweo, wanaondoka. Baridi yote iko giza.

"Ile ndiyo inayonilisha, Torquil. Mshahara wa kupika supu unaujua."

"Naujua. Na Calum naye alijua, ndiyo maana alikuandikia kwa adabu. Aliomba kuipanga kwa mwaka, yeye na mkewe na watoto, kodi utakayosema wewe. Ulimjibu mistari miwili. Kwamba majira yamejaa wageni."

Calum ni mwana wa pekee wa Torquil, fundi wa injini za boti kule mjini Aberdeen. Dolina aliikumbuka ile barua. Aliijibu akiwa amesimama, anasubiri viazi vichemke.

"Ungeniambia, binamu. Miaka mitatu."

"Ungeniuliza," akasema Torquil, akainuka kwenda kutazama kondoo wake.

Nyani haoni kundule. Mwanamke huyu alizunguka nyumba kumi akitaka watu waachie nyasi zao kwa ajili ya watoto, na nyumba ya kuweka watoto alikuwa nayo, imefungwa kwa namba nne. Aliniambia haya akiwa amesimama palepale kwenye kaunta, machozi yanamtoka na hayafuti. "Nimekuwa mchoyo, Farquhar, na nimekuwa mjinga. Sijui lipi baya zaidi." Nami, ambaye wageni wale wa wiki walinunua mkate wangu na jibini yangu, na sikuwahi kumwambia lolote kuhusu dirisha lile la giza, nilikuwa na kundu langu la kutazama. Nilimpa kitambaa.

Siku tatu baadaye alikuja kupiga simu dukani, kwa kuwa kwake mtandao hukamata tu ukipanda juu ya banda la kuku. Dolina sikio moja ni zito, hivyo huweka simu kwa sauti kubwa, nami nilikuwa napima unga uliokwisha kupimwa.

"Calum? Ni Dolina, wa Ardskerry."

"Shangazi. Baba mzima?"

"Mzima, na kiburi chake kizima. Sikiliza, mwanangu. Nyumba ya mama, bado unaitaka?"

Upande wa pili boti ilinguruma kwa mbali.

"Shangazi, yale yalikuwa miaka mitatu iliyopita. Agnieszka ana kazi yake hospitalini sasa. Wasichana wana marafiki." Kisha akasema, na sauti yake ilikuwa na mwiba, "Na majira yako si yamejaa?"

"Nimeyafuta. Nimewaandikia wageni wote asubuhi hii, hadi wa Oktoba."

"Umefuta kabla ya kuniuliza mimi?"

"Nilikukosea, Calum. Ningekupigia huku nimewashikilia wageni pembeni, ingekuwa bado sijakuomba radhi."

"Baba ndiye aliyekutuma?"

"Baba yako hajui lolote. Hata kikombe cha tatu hakunimiminia."

Hapo Calum alicheka, kicheko kifupi cha mtu ambaye hakukusudia. Akasema atazungumza na mkewe, na kwamba asimwambie baba yake, mzee asije akasubiri kitu kisichokuja. Dolina akakubali.

Mei ikaisha. Juni ikapita yote. Calum aliandika mara moja tu, kwamba bado wanafikiri. Nyumba ya mama yake Dolina ilisimama tupu katikati ya msimu, jua linawaka, watalii wanapita wakiitazama. Dolina alikuwa ameking'oa kile kisanduku kwa bisibisi, zikabaki tundu nne za skrubu mlangoni. Mimi nilimwambia kama rafiki kwamba arudishe wageni wa Agosti walau, atengeneze nauli ya uzee. Alinijibu, "Wewe endelea kupima unga." Lakini alikuwa amekonda. Alisafisha ile nyumba mara tatu kwa wiki na hakuna aliyekuwa ameichafua.

Jumamosi ya tarehe kumi na mbili Julai tulishusha kondoo kunyoa, na ofisi ya elimu ingefunga orodha Jumanne. Wote tulikuwa kwenye zizi la mawe. Torquil hutumia mkasi wa mkono, hataki mashine, na anajisifu kwamba tangu akiwa na miaka kumi na mitano hajawahi kumwachia kondoo aliyenyolewa nusu. Dolina alikuwa anakunja sufu, na mimi nilikuwa natoa ushauri ambao hakuna aliyeutaka.

Gari la kijani lilishuka kilimani, limefungwa mizigo juu, baiskeli mbili nyuma. Tulidhani ni watalii. Likasimama langoni pa zizi, wakashuka wasichana wawili wenye nywele za rangi ya shayiri, mwanamke mrefu, kisha Calum.

Torquil alikuwa amembana kondoo kati ya magoti, upande mmoja umenyolewa, mwingine bado. Mikono yake ilikuwa na mwendo wake, ikaendelea kidogo, halafu ikasimama. Kondoo akahisi magoti yamelegea. Alichomoka, akaruka ukuta, akapanda mlima, nusu mweupe na nusu mwenye koti.

"Babu," akasema yule msichana mdogo, "kondoo wako amekimbia."

"Mwache," akasema Torquil. Mkasi ulimdondoka, akawaendea na mikono yake ya mafuta ya sufu, hajui aiweke wapi, mpaka yule mkubwa akamkumbatia kiunoni na yeye akaiweka kichwani kwake. Nimemfahamu Torquil maisha yangu yote, nilikuwepo alipomzika mkewe, na ile ndiyo siku ya kwanza nilipomwona akilia. Mimi nami nililia, na anayesema ulikuwa moshi wa biri yangu ni mwongo.

Agnieszka, mkewe Calum, alimfuata Dolina kwenye rundo la sufu. Anasema lugha yetu vizuri, kwa lafudhi ya kwao Poland. "Ni mwaka mmoja, Bi Dolina," alisema. "Kujaribu. Nimeomba likizo tu, kazi sijaacha. Wasichana wakikosa raha, tunarudi."

"Mwaka mmoja unanitosha," akasema Dolina.

Karatasi ya sahihi alikuwa nayo mfukoni mwa aproni, kama siku zote tangu Mei, na hakuitoa. Ni Torquil aliyeiulizia, jioni, tulipokuwa tunafunga magunia. Alisaini juu ya mgongo wangu kwa sababu hapakuwa na meza. Misingi ya nyumba nne za kwanza imeshamwagwa sasa, njia yangu ya nyuma haikuzibwa, na Bwana Prentice amejinunulia mabuti na anakunywa vikombe vitatu kama mtu mwenye akili. Agnieszka bado hajaomba uhamisho kwenye kliniki ya Kilvarra. Fomu anayo.

Lakini Jumatatu ile hatukuwa na hayo yote. Tulikuwa na siku moja mkononi. Dolina aliwapeleka wasichana mwenyewe, yeye na wazazi wao, mwendo wa saa moja na nusu hadi ofisi ya elimu, nami nikaendesha gari. Alisimama mbele ya meza ya karani wa pale amewashika mikono wote wawili, mmoja kila upande, na hakuiachia mpaka alipoona majina yameandikwa.